Je, Kujua Kusoma na Kuandika Kuwe Sharti la Kugombea Uongozi?

Kila msimu wa uchaguzi unapokaribia hapa Uganda, mjadala mmoja hufufuka redioni, katika vikao vya chai na hata madarasani mwetu: je, mtu ambaye hakusoma aruhusiwe kugombea uongozi? Mada hii tumekuwa tukiwapa wanafunzi katika mazoezi ya mdahalo kwa sababu kila mmoja huwa ana la kusema. Jambo tulilolibaini ni kwamba wanaounga mkono na wanaopinga mara nyingi hawabishani juu ya kitu kimoja. Mmoja anaposema "asiyesoma" ana maana ya mtu asiyeweza kusoma barua. Mwingine ana maana ya mtu asiyejua Kiingereza. Wa tatu anamfikiria yule ambaye hakufika Kidato cha Sita. Hayo ni mambo matatu mbalimbali, na katiba za nchi za Afrika Mashariki zimeyashughulikia kwa namna ambayo mwalimu wa lugha hawezi kuipita bila kuitazama.

Tuanze na maneno yenyewe. Kiswahili kina neno "kisomo", lakini wengi wetu bado tunalazimika kusema kwa urefu "kujua kusoma na kuandika". Kwa upande wa kinyume chake, lugha imekuwa kali zaidi. Baada ya uhuru, Tanzania ilitangaza vita dhidi ya maadui watatu, yaani ujinga, maradhi na umaskini, na madarasa ya watu wazima yaliyoenea miaka ya 1970 yalielezwa kuwa ni ya kufuta ujinga. Kampeni ile ilikuwa kubwa na ilifanya kazi ya kusifiwa. Hata hivyo, ilituachia msamiati wenye tatizo. Mkulima anayejua majira ya mvua, mipaka ya mashamba ya kijiji kizima na historia ya kila ugomvi wa ardhi aliitwa mjinga kwa kuwa tu hakuzijua herufi. Upande wa pili, "msomi" si mtu yeyote anayesoma, bali ni mtu mwenye shahada. Kwa hiyo ukiuliza kwa Kiswahili kama mjinga atuongoze, swali limekwisha kujijibu kabla ya mdahalo kuanza. Ndiyo maana katika darasa letu neno "mjinga" hupigwa marufuku kwa muda wa saa moja ya mdahalo.

Wasomaji wetu wanaojua Luganda watakumbuka kwamba mambo ni mazito zaidi katika lugha hiyo. Kitenzi "okusoma" kina maana ya kusoma na pia ya kusali. Wafuasi wa kwanza wa dini za kigeni katika Buganda ya karne ya 19 waliitwa "abasomi", na katika muda usiofika miaka ishirini watu hao ndio walioshika madaraka ya nchi. Kusoma kwao hakukuwa ustadi wa macho na mkono tu. Kulikuwa ni kundi la watu, na baadaye cheo.

Sasa tuje kwenye sheria. Ibara ya 67 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inamtaka mgombea ubunge awe raia aliyetimiza miaka 21 na anayejua kusoma na kuandika katika Kiswahili au Kiingereza. Yapo masharti mengine, lakini kuhusu elimu ni hayo tu. Haidai cheti wala haitaji darasa. Mtu aliyejifunza kusoma ukubwani chini ya mwembe anatosha sawa na profesa. Kwetu sisi walimu wa Kiswahili, neno lenye uzito hapo ni "au". Ni neno la silabi mbili lakini ndilo lililowafungulia mlango watu wengi ambao Kiingereza kingewafungia. Bibi Titi Mohamed, ambaye ndiye aliyewakusanya wanawake wa Dar es Salaam na mikoani kuingia TANU kuanzia mwaka 1955, alikuwa na elimu ya shule ya msingi tu. Baada ya uhuru alikuwa mbunge na akapewa madaraka serikalini. Kwa masharti ya Uganda ya leo, asingepokelewa hata fomu ya uteuzi.

Kuna jambo jingine katika ibara hiyo ambalo huwafurahisha wanafunzi. Katiba inasema "katika Kiswahili", lakini haisemi kwa herufi zipi. Kwa karne kadhaa watu wa pwani waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, barua za biashara na tenzi zikiwemo. Mzee wa Unguja anayejua hati hiyo peke yake, kwa maneno ya ibara yenyewe, anajua kusoma na kuandika katika Kiswahili. Kama msimamizi wa uchaguzi angelikubali hilo ni suala lingine, maana fomu zenyewe zimechapwa kwa herufi za Kirumi.

Tusiipambe sana Tanzania, lakini. Kwa miaka mingi mbunge aliyetimiza sharti lake kwa Kiswahili aliingia bungeni, akajadili kwa Kiswahili, kisha akaletewa mezani muswada ulioandikwa kwa Kiingereza. Ni mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini humo. Kabla ya hapo katiba ilikuwa ikimwambia mgombea kwamba Kiswahili kinatosha, na meza yake ya kazi ikimwambia kwamba hakitoshi.

Kenya ilipita njia nyingine. Katiba ya uhuru ilimtaka mgombea aweze kuzungumza Kiingereza na kukisoma kwa kiwango cha kumwezesha kushiriki katika shughuli za Bunge, isipokuwa kama upofu au sababu nyingine ya kimwili inamzuia kusoma. Sharti hilo lilirithiwa kutoka mfumo wa Kiingereza na mara nyingi hulaumiwa kwa jumla. Kwa maoni yetu lilikuwa na mambo mawili ya busara. Kwanza, lilipima ustadi kwa kuutazama ukiwa kazini, si kwa kuhesabu miaka ya shule. Pili, lilimkumbuka kipofu, jambo ambalo watu wengi wanaodai "kila kiongozi ajue kusoma" hulisahau kabisa. Kosa lake lilikuwa lugha.

Mwezi wa Julai 1974 Rais Jomo Kenyatta aliamua kwamba Bunge litumie Kiswahili, na mara wabunge waliokuwa mabingwa wa hoja kwa Kiingereza wakajikuta wanatafuta maneno. Mwaka 1979 lugha zote mbili ziliruhusiwa. Lakini tazama kilichofuata kwa mgombea. Katiba ile ya zamani, kabla haijabadilishwa na ya mwaka 2010, ilifika mahali pa kumtaka ajue Kiswahili na Kiingereza. Tanzania ilisema "au", Kenya ikasema "na". Kiswahili, ambacho kingeweza kushusha kizingiti, kilikuja kuwa kizingiti cha pili juu ya kile cha kwanza.

Baada ya katiba mpya, Kenya ilihama kutoka lugha na kuingia katika vyeti. Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 2011 iliwataka wagombea urais na ugavana wawe na shahada ya chuo kikuu, na wengine wawe na elimu ya baada ya sekondari. Sharti hilo la pili liliahirishwa na Bunge lenyewe, baadaye likapandishwa hadi shahada, na hatimaye Mahakama Kuu, katika hukumu za mwaka 2021 na 2022, ikaliona kuwa ni kinyume cha katiba kwa wabunge na kwa wawakilishi wa wadi.

Hapa nyumbani, Ibara ya 80 ya Katiba ya mwaka 1995 inamtaka mbunge awe amemaliza kiwango cha Kidato cha Sita au elimu inayolingana nacho. Rais anafuata sharti hilo hilo, na mwenyekiti wa wilaya pia. Diwani hana sharti la elimu. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kukaa katika baraza la wilaya miaka ishirini, akaijua kila barabara na kila zahanati, lakini mlango wa Bunge ukabaki umefungwa mbele yake, ilhali kijana aliyemaliza Kidato cha Sita juzi akapita. Maneno "au elimu inayolingana nacho" yamezaa kazi kubwa ya kulinganisha vyeti, ambayo Baraza la Taifa la Elimu ya Juu hushirikishwa. Kila baada ya uchaguzi, mahakama zetu hupokea mashauri ya vyeti: jina la kwenye cheti haliko sawa na la kwenye karatasi ya kura, cheti cha chuo fulani kinalingana na nini, shule ya nje haijulikani. Aliyeshindwa kwa kura hutafuta ushindi katika kabati la mafaili. Hatusemi kwamba kughushi cheti ni jambo dogo. Tunasema tu kwamba katika mashauri hayo hakuna anayeuliza kama mheshimiwa anaweza kuusoma muswada na kuuelewa.

Na hapa kuna kejeli ambayo idara kama yetu haiwezi kuinyamazia. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, kitumike katika mazingira yatakayowekwa na Bunge kwa sheria. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likakubali kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Lakini waheshimiwa wetu wengi walifika Kidato cha Sita bila kusoma hata sentensi moja ya Kiswahili. Kwa hiyo mbunge mwenye vyeti vyote vinavyotakiwa anaweza kupokea barua ya mwenzake wa Dodoma akalazimika kumtafuta mtu wa kumsomea. Mbele ya mojawapo ya lugha rasmi za nchi yake mwenyewe, hajui kusoma na kuandika.

Tukitoka nje kidogo, Brazili inatupa mfano ambao wanafunzi hawausahau. Katiba ya nchi hiyo ya mwaka 1988 inawaruhusu wasiojua kusoma kupiga kura lakini inawanyima haki ya kugombea. Mwaka 2010 mchekeshaji anayejulikana kwa jina la Tiririca alichaguliwa kuwa mbunge kwa kura zaidi ya milioni 1.3 katika jimbo la São Paulo, kura nyingi kuliko mgombea mwingine yeyote wa ubunge nchini mwaka huo. Ikadaiwa kwamba hajui kusoma. Mahakama ikamwita, akapewa imla ya kuandika na vichwa vya habari vya gazeti avisome. Jaji akaridhika, mchekeshaji akaapishwa. Fikiria uzito wa mizani hiyo: upande mmoja matakwa ya watu zaidi ya milioni moja, upande wa pili imla ya mistari michache, na ni imla ndiyo iliyokuwa na uwezo wa kushinda.

Nchini India jimbo la Haryana lilipitisha sheria mwaka 2015 kwamba wagombea wa mabaraza ya vijiji wawe wamemaliza darasa la kumi, huku wanawake na watu wa tabaka za chini wakiwekewa madarasa ya chini kidogo. (Sheria hiyo hiyo ilimtaka mgombea awe na choo kinachofanya kazi nyumbani kwake.) Mahakama Kuu ya Rufani ya India iliikubali sheria hiyo Desemba 2015, ikieleza kwamba elimu humpa mtu uwezo wa kupambanua mema na mabaya. Hoja hiyo hatuikubali. Elimu ya darasani inatoa mengi, lakini aliyewahi kusoma taarifa za ukaguzi wa hesabu za umma katika nchi yoyote anajua kwamba fedha nyingi zilizopotea zilipotezwa kwa mwandiko mzuri. Jimbo jirani la Rajasthan, lililokuwa limetangulia na sheria ya namna hiyo, liliifuta mwaka 2019.

Wako watakaotuuliza: mbona mnaogopa sharti dogo namna hii? Jibu liko katika historia ya eneo letu. Katika uchaguzi wa Tanganyika wa mwaka 1958 na 1959, Mwafrika aliyetaka kupiga kura alitakiwa awe na elimu ya darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au awe na kazi ya aina iliyotajwa. TANU ilibidi ikutane Tabora Januari 1958 na kubishana vikali kama ishiriki au isishiriki. Kenya nayo, katika uchaguzi wa mwaka 1957, Mwafrika mmoja aliweza kuwa na kura hadi tatu kulingana na elimu, mali na sifa nyingine za aina hiyo. Kila mara elimu ilipotumika kama kipimo cha nani ahesabiwe, waliokitunga kipimo walikuwa wameshajua ni akina nani watakaobaki nje. Nchi zilipojitawala zililiondoa sharti hilo kwa mpiga kura, tena kwa ubunifu. Katika uchaguzi wa Tanzania wa mwaka 1965 kila mgombea ubunge alipewa alama ya jembe au ya nyumba ili asiyejua herufi aweze kumtambua mtu wake. Mpiga kura akasamehewa kusoma. Mgombea hakusamehewa.

Pamoja na hayo, hoja ya upande wa pili ina nguvu na haifai kuchezewa. Kiongozi asiyejua kusoma husomewa, na anayemsomea ndiye anayetawala. Karani anachagua aya ipi aisome na ipi airuke. Hoja hii ina kielelezo cha kutisha. Mwishoni mwa mwaka 1884 Karl Peters alipita Usagara na sehemu za jirani, akawatia watawala wa huko, Mangungo wa Msovero akiwa miongoni mwao, katika mikataba iliyoandikwa kwa Kijerumani. Waliweka alama zao kwenye karatasi, na karatasi hizo ndizo Berlin ilizozitumia kudai nchi.

Lakini tukiitazama vizuri, karatasi ile ilikuwa ya Kijerumani. Hata kama Mangungo angekuwa msomaji hodari wa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, asingenusurika. Linganisha na Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900. Apolo Kagwa, aliyeutia sahihi akiwa mmoja wa watawala waliomshikia Kabaka mtoto madaraka, alijua kusoma na kuandika vizuri na aliandika vitabu vya historia kwa Luganda. Mkataba ulikuwepo kwa Luganda na kwa Kiingereza. Hata hivyo, nakala iliyokubaliwa kuwa yenye nguvu ilikuwa ya Kiingereza. Kagwa alijua kusoma, ila hakuwa mwenye lugha iliyoamua. Kwa hiyo hatari inayotajwa ni ya kweli, lakini sharti la kusoma peke yake haliiondoi. Inayoiondoa, angalau kwa sehemu, ni lugha ya hati.

Kwa mtazamo wetu basi, wabunge na madiwani wasiwekwe katika kapu moja. Kwa mtunga sheria, anayetakiwa kupitisha bajeti yenye kurasa mamia, sharti la kujua kusoma katika lugha moja ya wananchi, yoyote kati ya zile ambazo nchi imezikubali, linaweza kutetewa. Lipimwe kwa kazi yenyewe, lisipimwe kwa cheti, na asiyeona asome kwa Breli au asomewe bila kuaibishwa. Sharti hilo lina haki endapo tu Bunge nalo limefungwa na sharti lake, yaani kumpa mbunge muswada katika lugha aliyoruhusiwa kuingia nayo. Kidato cha Sita tunakiona ni kupita kiasi. Kwa diwani na mwenyekiti wa kijiji hatuoni haja ya sharti lolote. Wanaomchagua wanamjua kwa sura na kwa vitendo, na kama hajui kusoma wanalijua hilo kuliko tume yoyote. Wilaya impe karani mwenye kiapo, imsomee mbele ya mwenzake ili pasiwe na aya ya kurukwa.

Tunajua baadhi ya wenzetu hapa idarani hawakubaliani nasi juu ya Kidato cha Sita. Wanasema kwamba tukikishusha tutawavunja moyo wasichana wanaoambiwa kila siku wabaki shuleni. Tumelisikia hilo. Lakini msichana aliyetolewa shule akiwa na miaka kumi na mitano naye ni raia, na huenda ndiye anayejua kwa nini wenzake hawarudi.

Kwa walimu wanaotaka kuitumia mada hii darasani, tunashauri wanafunzi wapewe kwanza maneno ya masharti matatu kwa Kiswahili, la Tanzania, la zamani la Kenya na la Uganda, wayalinganishe neno kwa neno, hasa viunganishi. Halafu kila kundi lipewe ukurasa mmoja wa bajeti ya wilaya yao na liuandike upya kwa Kiswahili ambacho diwani aliyeishia darasa la nne angeweza kukifuata akisomewa mara moja. Zoezi hili ni gumu kuliko linavyoonekana. Maneno kama "matumizi ya kawaida", "matumizi ya maendeleo" na "bakaa" yatawasumbua, na watagundua kwamba baadhi ya sentensi haziandikiki upya kwa sababu aliyeziandika mwanzo hakutaka zieleweke. Mdahalo ufanyike baada ya hapo, wala usitangulie.